Mpaka ukifungwa, nani analipa? Jibu kwa mama muuza unga wa Katuba

"Mwalimu, mi niko nauzisha bunga na juisi ku soko, hapa Katuba. Bwana mmoja wa siasa alikuja kwetu na kipaza sauti, akasema bageni bamekula inchi yetu, inatosha: bachinwa ku madini, bahindi na balebano ku maduka, bazambia ku bunga. Akasema yeye akipata kiti atafunga mlango, kila kitu kitakuwa cha mwenye inchi. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini usiku nikafikiri: hii bunga yenyewe mi naitoa ku mpaka wa Zambia, kule Kasumbalesa. Sasa niambie, wewe uliyesoma mambo ya uchumi: huyu bwana ni muongo ao anasema kweli? Na mimi nifanye nini na franka zangu?"

Mama, nakushukuru kwa kukiri kwamba ulipiga makofi. Wengi wanaoniuliza jambo hili hujifanya walisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Ningekuwa sokoni siku hiyo pengine nami ningepiga, maana nusu ya hotuba ile ni kweli. Tuna shaba na kobalti kuliko karibu kila mtu duniani, na bado unapima unga kwa kopo kwa sababu mteja hana fedha ya mfuko mzima. Mtu akisema kuna mahali tunaibiwa, hadanganyi. Uongo unaanza pale anaponyoosha kidole mpakani na kusema mwizi anapita kule, amebeba mfuko wa unga kichwani.

Basi tuanze na huo mfuko.

Lubumbashi, mji wetu huu ambao Katuba ni mtaa wake, imezaliwa na mpaka. Reli iliyoufanya kuwa mji haikutoka Kinshasa. Ilipanda kutoka kusini, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, ikafika hapa mwaka 1910. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, walilishwa unga wa mahindi ya Rhodesia tangu enzi hizo. Kasumbalesa iko kilomita zipatazo 90 kutoka kwako. Kinshasa ni zaidi ya 1,500 kwa ndege, na za barabara afadhali tusizihesabu. Tena kuna suala la mikono: kijana wa Katanga, eneo letu hili, mwenye nguvu huona afadhali akatafute maisha kwenye mashimo ya madini ya Kolwezi kuliko kulima hekta mbili za mahindi bila mbolea, bila barabara ya kuyatolea. Upande wa pili, serikali ya Zambia imekuwa ikimpa mkulima mdogo mbolea na mbegu kwa bei iliyopunguzwa kwa miaka mingi. Ukitafakari, kila mfuko wa kilo 25 uliovuka kuja kwako ulikuwa na kwacha kadhaa za mlipa kodi wa Lusaka ndani yake. Kama huyo ndiye mgeni anayetula, basi anatula kwa njia ya ajabu sana.

Sasa kumbuka Agosti 2024, maana najua juisi yako iliguswa. Kinshasa ilikuwa imepiga marufuku kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka nje, ili kulinda viwanda vya ndani. Maneno matamu: bia yetu ya Simba, soda yetu, kazi zetu. Lakini walioandamana Kasumbalesa hawakuwa Wazambia. Walikuwa watu wa upande wetu, wale ambao riziki yao ni kupakia, kushusha na kusafirisha. Lusaka ikaona hali si salama kwa madereva wake, na tarehe 10 Agosti ikafunga mipaka mitatu: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Malori ya shaba yakasimama pamoja na malori ya soda. Siku chache baadaye mawaziri walikaa, wakazungumza, mlango ukafunguliwa.

Angalia jinsi mambo yalivyoshikana. Amri ilihusu chupa za soda, na kilichokwama barabarani kilikuwa mali inayolisha bajeti ya taifa. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hilo ndilo la kukumbuka: anayefunga mlango huchagua siku ya kuufunga, ila hachagui kitakachobanwa.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa jicho la jukwaani: lori lenyewe. Shaba yetu inakwenda Dar es Salaam, Durban, Walvis Bay. Lori halina mabawa. Likishusha shaba bandarini lazima lirudi. Likirudi limebeba mchele, mabati, mafuta ya kupikia, dawa za kiwandani za kusafishia madini, gharama ya safari inagawanywa kati ya mwenye shaba na mwenye mchele. Likirudi tupu, mwenye shaba analipia kwenda na kurudi. Maana yake, ukizuia vitu kuingia umeongeza gharama ya vitu kutoka. Mwanauchumi Abba Lerner alilionyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 1936: kodi juu ya kinachoingia hatimaye ni kodi juu ya kinachotoka. Wapakiaji wa Kasumbalesa hawakuhitaji hesabu zake.

Na ushuru, je? Yule bwana pengine alisema "tutawatoza wageni". Mgeni hatozwi kitu. Anayesimama kwenye dirisha la forodha na hati mkononi ni yule anayeingiza mzigo, yaani Mkongo, au wakala wake. Yeye huongeza fedha hiyo kwenye bei anayokuuzia wewe, wewe unaiongeza kwenye kopo, na mama wa watoto watano anailipa mezani bila kupewa risiti. Mara chache muuzaji wa nje hupunguza bei yake ili asipoteze soko, lakini hiyo hutokea pale mnunuzi ni mkubwa mno kiasi cha kumtisha. Sisi kwenye unga si wakubwa hivyo.

Hata walio wakubwa imewashinda. Mwaka 1930 Marekani ilipandisha ushuru juu ya bidhaa nyingi sana, ingawa wanauchumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemwandikia Rais Hoover wakimsihi asitie sahihi. Alitia. Canada na nchi za Ulaya zikajibu kwa ushuru wao, na biashara ya dunia, ambayo ilikwisha kuyumba kwa mdororo, ikasinyaa zaidi. Mfano wa karibuni unanipendeza zaidi kwa kuwa ni mdogo na umepimwa vizuri. Januari 2018 Marekani iliweka ushuru kwenye mashine za kufulia nguo zinazotoka nje. Wachunguzi walipofuatilia bei waliona mashine hizo zimepanda kwa karibu asilimia 12, na mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikutozwa lolote, nazo zikapanda, kwa sababu huuzwa pacha. Kazi ziliongezeka kweli, zipatazo 1,800. Lakini kila kazi moja iligharimu wanunuzi dola zipatazo 815,000 kwa mwaka. Kwa fedha hiyo ungeweza kumlipa kila mfanyakazi mshahara wa miaka kadhaa akae nyumbani asome gazeti.

Lesotho ndiyo iliyoniuma. Nchi ndogo, katikati ya milima, imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake wa Maseru wameshona suruali za jinzi kwa ajili ya maduka ya Marekani chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru kwa karibu dunia nzima. Kongo tulipewa asilimia 11, Lesotho asilimia 50. Ilikuwa na kosa gani? Hesabu iliyotumika ilichukua pengo kati ya kile Marekani inachonunua na kile inachouza kwa nchi husika, ikaligawanya kwa manunuzi hayo, kisha ikakata nusu. Lesotho inauza jinzi na almasi, na hainunui ndege wala kompyuta nyingi kwa sababu ni maskini. Basi umaskini wake ukasomwa kama wizi.

Hesabu hiyo ifanyie genge lako uone. Kila mwezi unamnunulia mfamasia dawa za presha, naye hajawahi kununua hata kopo la unga kwako. Anakuibia? Unamwuzia mwalimu wa jirani, wewe hununui kitu kwake. Unamwibia? Ushuru ule ulishushwa hadi asilimia 15 mwezi Agosti, lakini wanunuzi walikwisha kusitisha oda, na mwezi Julai serikali ya Lesotho ilikuwa imetangaza hali ya janga la kitaifa kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Halafu tazama upande wetu: ushuru wa asilimia 50 juu ya bidhaa za shaba ulipoanza tarehe 1 Agosti 2025, shaba iliyosafishwa, ile ambayo viwanda vya Marekani vinaihitaji, iliachwa nje. Wanajua vizuri sana panapouma.

Hizo ni habari za mbali, na najua kilichopo moyoni mwako: "Mwalimu, hao ni Wamarekani. Sisi tukiwa na chetu, tutakitunza." Hapo inabidi nikurudishe nyumbani, maana sisi hatuna haja ya kuazima mifano.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba yangu alikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja, duka la vitambaa, misumari, taa za karabai na vyungu vya chuma. Mji huu ulikuwa na Wagiriki, Wataliano, Wareno, Wahindi, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba na nyumba za wageni zitapewa wana wa nchi. Zaïre, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, kwa Wazaïre. Baba alirudi nyumbani anacheka. Alikuwa amelitumikia duka lile miaka kumi na mmoja; alijua kila mteja anayekopa na kila kitambaa kinachotoka mwezi gani. Alifikiri mwana wa nchi ni yeye.

Duka halikupewa karani. Alikuja bwana mwenye karatasi, mtu wa chama, ambaye hakuwa amewahi kupima mita ya kitambaa. Mitaani watu kama yeye waliitwa acquéreurs, yaani wachukuaji, na jina hilo wazee wa mtaa wa Kamalondo bado hulitamka kwa kutema mate. Aliuza vitambaa kwanza, kwa haraka, kwa rafiki zake. Kisha akauza friji na mizani. Kufikia mvua zilizofuata, rafu zilikuwa na sabuni na chumvi. Baadaye hata chumvi haikuwapo, kwa kuwa aliyekuwa akituma chumvi alikuwa na imani na Mgiriki, na barua za bwana mpya hakuzijibu. Baba hakufukuzwa, siku moja tu hapakuwa na kitu cha kuandika kwenye daftari.

Bei ya shaba ilianguka mwaka 1974 na 1975, kwa hiyo si haki kuitwisha amri ile, iliyoitwa Zaïrianisation, mzigo wote wa umaskini uliofuata. Lakini serikali yenyewe ilikiri kosa: mwaka 1976 iliwaita wenye mali warudi, kwanza wapewe asilimia 40, baadaye 60. Wachache walirudi. Mtu ambaye umewahi kumnyang'anya duka kwa hotuba ya siku moja hakuwekei tena akiba yake mezani kwako, hata ukimwomba kwa magoti. Ndipo nchi nzima ilipojifunza kuishi kwa kile tulichokiita kifungu cha 15, jipange mwenyewe.

Nakwambia haya kwa sababu neno la hatari katika hotuba uliyoisikia si "mgeni". Ni "mwenye inchi". Nani anaamua huyo ni nani? Mwaka 1973 mwenye inchi alikuwa Mzaïre yeyote, kwa maneno. Kwa matendo alikuwa mtu wa chama. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1992 na 1993, duara lilisinyaa zaidi. Wakasai walioletwa hapa na Union Minière tangu enzi za ukoloni, waliozaa hapa na kuzika hapa, wakaitwa bilulu, wadudu, kwa vipaza sauti vya watu wenye vyeo. Katanga kwa Wakatanga. Walifukuzwa kazini na majumbani huko Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya reli wakisubiri treni za kwenda jimbo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Mamia ya maelfu waliondoka; wengi walifia njiani. Majirani zangu walikuwa miongoni mwao, na kuna mlango mtaani kwetu ambao mpaka leo siupiti bila kugeuza shingo.

Uchumi ni jambo la pili katika habari kama hiyo, lakini umeniuliza la uchumi. Mafundi wa mitambo, wahandisi, walimu, wahasibu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, waliondoka kwa behewa. Kampuni ilikwisha kuugua: Kinshasa ilikuwa imeikamua miaka mingi bila kurudisha cha kununulia vipuri, na mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990. Mwaka 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa zipatazo 30,000. Waliobaki walipandishwa vyeo, ni kweli. Wakapewa vyeo katika kampuni isiyolipa mishahara.

Leo Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, ikiwa ya kwanza Afrika. Uzalishaji ulianza kuinuka baada ya sheria ya madini ya 2002 kufungua mlango kwa wawekezaji wa nje, hao hao ambao yule bwana anataka kuwafukuza. Unaweza kuuliza, na una haki: mbona basi tani hizo hazifiki kwenye sahani yangu?

Hapa ndipo nusu ya kweli ya hotuba ilipo, na sitaki kuipita mbio. Chukua mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008: madini kwa Wachina, barabara na hospitali kwetu. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walisema kwamba katika dola bilioni 3 za miundombinu zilizoahidiwa, milioni 822 tu ndizo zilizotumika. Huo ni mkataba mbaya, uliosimamiwa vibaya, na Machi 2024 ulifanyiwa marekebisho ambapo ahadi ya miundombinu ilipandishwa hadi dola bilioni 7. Zingatia dawa iliyotumika: ukaguzi, namba hadharani, kurudi mezani. Hakuna Mchina aliyefukuzwa dukani. Anayekasirikia mkataba ule nipo naye. Anayetaka hasira hiyo ishuke juu ya muuza viatu wa Kichina aliye mtaani simwelewi, maana hakuna sahihi ya muuza viatu kwenye karatasi ile.

Kobalti nayo inanilazimisha nikubali jambo ambalo vitabu vingi vya biashara huria havilipendi. Tarehe 22 Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje, na kuanzia Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilikuwa imelala chini kabisa. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Ilifanikiwa kwa sababu zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka kwetu. Mwenye mali isiyopatikana kwingine anaweza kufunga duka kidogo ili wateja wamheshimu, ingawa wateja wa kobalti nao wameanza kutumia betri zisizoihitaji, na Indonesia inaongeza yake. Kwenye unga, nani anakusubiri wewe? Ukifunga mlango wa kobalti mwenye njaa ni kiwanda cha mbali. Ukifunga wa unga mwenye njaa ni mitaa yetu hii: Katuba, na Kenya, na Ruashi. Mtu anayekwambia ni jambo lile lile hajui, au anajua na anatumaini wewe hujui. Hata kwenye kobalti bado nina swali moja: nani anapewa mgawo, na kwa kipimo gani? Sehemu yake, tani 9,600 kwa mwaka, iko mikononi mwa ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko hilo. Kalamu moja ikiweza kugawa utajiri wa namna hiyo, watu wenye akili huacha kuchimba wakaenda kukaa karibu na kalamu.

Tuna mfano unaotembea humu mjini. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ambazo kampuni kubwa kama za migodini huzitoa kwa wengine, usafirishaji, chakula cha wafanyakazi, ulinzi, zipewe kampuni ambazo wingi wa mtaji wake ni wa Wakongo. Mimi naiunga mkono nia yake, na nawajua vijana walionunua gari lao la kwanza kwa zabuni za namna hiyo. Ila unawajua pia wale wanaoazimisha jina. Kampuni ni ya mgeni, asilimia 51 ya hisa zimeandikwa jina la shemeji wa mkubwa fulani, naye kila mwisho wa mwezi anapokea bahasha kwa kutofanya chochote. Kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni hajaondoka, ameongezewa mlango wa kulipia, na gharama ya mlango huo imeingia kwenye bei.

Ukitaka kujua uzalendo wa kweli katika unga ungefananaje, ningesema barabara. Mahindi yapo Kaniama-Kasese, ambako Service National, shirika la serikali, inalima, na yamewahi kuletwa hapa wakati wa uhaba. Tatizo halijawahi kuwa udongo. Mkulima wa Kongo akipata mbolea, njia na mnunuzi wa kuaminika, atashindana na Mzambia bila amri ya mtu. Ukimfungia Mzambia kabla ya kumpa mkulima wetu hivyo vitatu, umempa tajiri mmoja mwenye ghala soko zima bila mpinzani. Wala Wazambia si malaika. Ukame wa 2024 ulipowakumba walibana mahindi yao yasivuke, wakisema Mzambia kwanza, na sisi tukaona bei. Mkulima wao naye aliumia, kwa maana alikatazwa kumwuzia mnunuzi mwenye bei nzuri, akabaki kuuza usiku kwa njia za porini na kumgawia askari. Wimbo ni ule ule, umeimbwa upande wa pili wa kizuizi.

Umeuliza ufanye nini na franka zako. Kwanza, usiweke akiba yako yote kwenye bidhaa ambayo waziri mmoja anaweza kuizuia kwa ukurasa mmoja. Juisi iliguswa 2024. Juisi iwe kidogo, unga na chumvi viwe zaidi. Pili, uwe na wauzaji wawili wa unga, mmoja wa Kasumbalesa na mmoja wa mahindi ya huku juu, hata kama wa huku ni ghali kidogo leo. Mkopeshe huyo imani mapema, kabla ya uhaba, maana siku ya uhaba kila mtu atakuwa rafiki yake. Tatu, COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo wanaovuka na mzigo wa thamani ndogo: bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa kati ya nchi mbili hazitozwi ushuru wa forodha, na karatasi zake ni chache. Orodha hubadilika, kwa hiyo iulize pale Kasumbalesa kabla ya kununua, na uiombe iliyoandikwa. Wanawake wengi hulipa "kitu kidogo" kwa afisa juu ya mzigo ambao kisheria haukudaiwa. Nendeni mkiwa kikundi; mama mmoja hurudishwa, mama kumi wenye karatasi moja mkononi husikilizwa haraka ajabu.

Kuhusu kura, hiyo ni yako na sitaigusa. Ila yule bwana atarudi, maana kampeni haijaisha, na safari hii utakuwa mbele. Kabla hujapiga makofi, mwulize hivi, kwa heshima, kwenye kipaza sauti chake mwenyewe: Papa, siku ukifunga mpaka, watoto watataka bukari, ugali wao, jioni ile ile, na wewe utalazimika kumpa mtu kibali cha pekee cha kuingiza unga. Hicho kibali cha kwanza kitaandikwa jina la nani?